Mifumo Mitatu ya Kutundika Vifaa Ukutani katika Karakana ya Chini ya Nyumba

Karibuni tena, watazamaji wangu. Nimesimama katika karakana iliyo ndani ya gereji ya chini ya nyumba, ambayo kuta zake tatu zimefukiwa na udongo kwa nje, na leo ninachambua mifumo mitatu ya kutundika vifaa niliyoifunga hapa kwa nyakati tofauti: ubao wa matundu, reli za chuma zenye mikono ya rafu, na mbao zilizokatwa mshazari.

Kabla ya kununua chochote, naomba muuchunguze ukuta. Ukuta uliofukiwa hupitisha unyevu wa udongo hata pale unapoushika kwa kiganja ukauona mkavu. Bandika kipande cha nailoni chenye sentimita 45 hivi kila upande, ukiziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kisha kiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa nailoni unaotazama ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiyakuta upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa unaogeuka maji kwa ubaridi wa ukuta, na hapo dawa yake ni kupunguza unyevu wa hewa ya chumba.

Mimi niliiruka hatua hiyo, na hasara yake ni hii. Tazameni kipande hiki cha ubao wa kwanza, ambao ulikuwa wa hadibodi na niliugandamiza moja kwa moja kwenye zege: ukingo umevimba kama mkate uliolowa, unamomonyoka kwa kucha, na matundu yamelegea kiasi kwamba kulabu zinacheza. Patasi zangu zilizokuwa zikining'inia hapo zilishika kutu upande ule ule ulioelekea ukuta.

Ubao wa matundu wa bati hauvimbi, na kwa bisibisi, koleo na spana ni mzuri sana. Kasoro yake ni kulabu: unapoinua nyundo kwa haraka, kulabu huchomoka pamoja nayo, kwa hiyo nunua zile zinazofungwa kwa skrubu ndogo upande wa chini.

Reli za chuma ndizo ninazozipendekeza kwa makasha na makopo ya misumari, kwa kuwa rafu inapandishwa na kushushwa bila kutoboa upya. Angalieni kina cha rafu, maana mzigo ule ule ukiwekwa katikati ya rafu ya sentimita 40 huvuta skrubu ya juu mara mbili ya unavyoivuta katika rafu ya sentimita 20.

Hata hivyo, mfumo wowote hauna nguvu kuliko tundu lake. Plagi, yaani kile kichupa cha plastiki kinachoingizwa tunduni ili kuishika skrubu, ikiwa ya milimita 8 inataka keekee ya zege ya milimita 8 na drili inayozunguka huku ikigonga. Toboa kuzidi urefu wa plagi kwa milimita 10 hivi, kisha uondoe vumbi lote. Vumbi likibaki, plagi huzunguka pamoja na skrubu na haishiki kitu, na wengi hulaumu plagi. Vaa miwani na barakoa, kwa sababu vumbi la zege hudhuru mapafu.

Mfumo nilioubakiza ukutani kwangu ni wa mbao za mshazari. Plaiwudi ya milimita 18 inapasuliwa kwa nyuzi 45, nusu moja inafungwa ukutani mshazari ukitazama juu na kuelekea ukuta, na nusu ya pili inafungwa nyuma ya kasha au kishikio, kisha unakidondosha tu na uzito wake wenyewe unakibana. Nimezifunga mbao hizo juu ya fito za wima zilizotiwa dawa, zikiacha nafasi ya sentimita 2 ili hewa ipite nyuma, na patasi mpya hazijashika kutu. Kazi yake inachosha, kwa kuwa kila kishikio unakiunda mwenyewe, na mstari wa kwanza usipowekwa sawa kwa pimamaji, yote yanayofuata yatainama.

Jiliwa na mashine ya kunolea sikuzitundika katika mfumo wowote kati ya hii mitatu. Zimefungwa kwa bolti juu ya meza ya kazi.