Duka la dawa linalouliza kabla ya kuuza: tathmini ya mgonjwa wa pumu

Kwa mwaka na nusu sasa nimekuwa mteja wa duka moja la dawa lililopo Ngamiani, Tanga, na ninalipima kwa kigezo kimoja ambacho wenzangu wenye pumu watakielewa upesi: je, mhudumu huuliza lolote kabla ya kukabidhi dawa ya maumivu?

Kigezo hicho nilikipata kwa kuumia. Duka nililolizoea zamani liliniuzia vidonge vya kichwa ndani ya bahasha ya karatasi iliyoandikwa "2x3" tu, bila jina la dawa. Haikupita saa moja makamasi yakaanza kunitiririka, macho yakawa mekundu, kisha kifua kikanibana hata pampu isinifae, nikakimbizwa hospitali. Daktari alipouliza nimemeza nini, nilikuwa na bahasha ile tu ya kumwonyesha. Mume wangu alilazimika kurudi dukani, ndipo tukaambiwa kuwa ni aspirini, dawa niliyoimeza ujanani bila tatizo lolote.

Nimejifunza baadaye kwamba hali hii mara nyingi huanza ukubwani, na kwamba huwapata takribani watu wazima 7 katika kila 100 wenye pumu, hasa wenye vinyama puani na waliopoteza uwezo wa kunusa. Aspirini huzuia kimeng'enya kimoja mwilini, na kwa watu hawa kuzuiwa huko husababisha kumwagika kwa wingi kwa lukotrieni, kemikali zinazobana njia za hewa na kuvimbisha pua. Kwa kuwa ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, nazo huleta shida ileile, hata kwa mtu asiyewahi kuzitumia.

Siku ya kwanza katika duka hili jipya, mfamasia kijana aliniamkia, kisha akasema: "Mama, kabla sijakupa, una pumu, au pua huziba mara kwa mara?" Nilipomsimulia yaliyonipata, alinipa paracetamol ya miligramu 500 na kunishauri nianze na kidonge kimoja, kwa sababu wachache wenye hali hii husumbuliwa kidogo wakimeza miligramu 1,000 au zaidi kwa mara moja. Jina la dawa aliliandika juu ya bahasha bila kuombwa. Safari nyingine nilitaka vidonge vya mgongo ambavyo jirani aliniambia ni paracetamol tu. Akanigeuzia boksi na kunionyesha kuwa vimechanganywa na diklofenaki. Mteja mwingine mwenye pumu, aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo, mfamasia huyo alimsihi asiiache kabla ya kuonana na daktari wake, na hilo nalo lilinipendeza.

Bei ni ya juu kidogo kuliko ya majirani, nami huilipa kwa moyo mweupe. Faragha haipo: maradhi yako utayataja mbele ya foleni nzima. Kasoro kubwa niliikuta jioni moja, mfamasia alipokuwa ameondoka, msaidizi akaninyooshea dawa bila kuuliza chochote. Nilimweleza mwenye duka, naye akabandika swali la pumu kwenye kabati la dawa za maumivu. Wiki iliyopita nilikwenda tena baada ya magharibi, na msaidizi yuleyule aliniuliza kabla hajafungua kabati.