Kliniki ya methadone hapa Dar, maoni yangu (na ile mashine ya sumaku mnayoniuliza kama inatibu uraibu wa heroini)

Methadone ni dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga. Kliniki nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja naikata kwa sababu ya nauli tu, maana dozi ni ya kila siku, jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa kawaida mgonjwa afike dirishani anywe mbele ya nesi, sasa mtu anatoka Chanika hana kazi, hela ya daladala familia ndo inabeba.

Huduma yenyewe bure. Kliniki hizi zilianza Muhimbili 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, mdogo wangu anakunywa kwenye mojawapo ya za serikali, jina lake silitaji kwa ajili ya usiri wa mdogo wangu. Dawa ni ya maji, akishazoea dozi yake arosto (yale mateso ya kukosa unga) haimshiki mpaka kesho. Ila wanaanza na kidogo wanapandisha polepole, na hapo mwanzoni ndo pagumu jamani, mifupa inauma, pua inachuruzika, usiku halali, ndo wengi wanarudi maskani kwenye unga, kwa hiyo msimwache peke yake. Manesi wanamwita kaka, hawamwiti teja, na hilo nimelipenda kuliko yote.

Sasa mnaokuja inboksi na ile mashine ya ubongo. Ipo kweli, inaitwa TMS, koili (waya uliozungushwa) inawekwa juu ya kichwa, hakuna kupasuliwa wala nusu kaputi, sumaku inapiga mapigo yanayoamsha ubongo wa mbele, huko kunakomsaidia mtu kujizuia. Marekani waliiruhusu kwa sonona 2008 na kwa kuacha sigara 2020. Kwa heroini hawajairuhusu, tafiti zinaendelea ila nyingi ni za watu wachache. Kuna na kifaa kingine, Sparrow, kinavaliwa sikioni kinapitisha umeme mdogo kwenye neva, hicho kilipata kibali 2021 lakini ni cha kupunguza arosto, sio kutibu uraibu wenyewe.

Natamani sana siku moja tiba hiyo ithibitike ije na huku. Ila leo mtu akikwambia lipa umwachishe ndugu yako methadone awekewe mashine, kataa kabisa! Akishakaa bila dozi mwili unapoteza uzoefu, akirudia kete ya heroini ileile ya zamani anaweza kuacha kupumua hapohapo.

Anayetaka kuanza aende asubuhi, aongozane na ndugu, na aseme ukweli wote anachotumia, pombe na valiamu pia, maana vikichanganyika na methadone vinaua.