Tramu Nambari 651 ya Hiroshima: Bado Iko Kazini

Mtu atakayefika Hiroshima kwa siku chache atafaidi zaidi akisafiri kwa tramu, yaani gari la umeme linalopita kwenye reli za mitaani, na katika tramu zote ningemshauri aisubiri nambari 651, hata kama itambidi aache nyingine kadhaa zipite. Gari hilo liliundwa mwaka 1942. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipolipuka saa mbili na robo, gari lilikuwa umbali wa mita 700 hivi kutoka mahali palipo chini ya mlipuko. Liliharibika vibaya, likatengenezwa, na Machi 1946 likarudi barabarani, ambako mpaka leo linawapeleka watu kazini pamoja na mwenzake nambari 652.

Nililipata asubuhi ya siku ya kazi, wakati ambao magari haya huonekana zaidi. Limepakwa rangi ya maziwa juu na kijani kilichokolea chini, na ngazi zake ziko juu kuliko za tramu mpya, kwa hiyo mwenye magoti mabovu heri apande hizo mpya. Dereva, mwenye glavu nyeupe, alizungusha mpini, na mota ikaanza kunguruma chini ya miguu yetu kwa sauti nzito iliyopanda taratibu mpaka gari likashika mwendo. Mwanafunzi aliyekaa mbele yangu alikuwa anasinzia. Hakuna aliyepiga picha ila mimi, na kusema kweli niliona haya.

Nadhani usingizi wa yule mwanafunzi ndio sifa kubwa ya huduma hii, kwa maana hata mwanzoni haikurudishwa ili itazamwe. Kampuni ya tramu ilikuwa na magari 123, na 108 kati yake yaliharibiwa. Wafanyakazi wake 185 walifariki. Hata hivyo, tarehe 9 Agosti, siku tatu tu baada ya bomu, kipande kifupi cha reli upande wa magharibi wa mji kilikuwa kimekwisha kupata umeme, na tramu ikawa inakwenda na kurudi hapo katikati ya majivu. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa vitani, ukonda na hata udereva ulifanywa pia na wasichana wa shule ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imeifungua mwaka 1943, nao walikuwamo miongoni mwa waliorudi kazini siku zile. Inasimuliwa kwamba abiria asiye na pesa hakuteremshwa.

Siku hizi nauli ya ndani ya mji ni moja, uende mbali au karibu, na anayelipa kwa pesa taslimu hulipa wakati wa kushuka, kwenye mlango wa mbele kando ya dereva. Mimi niliyezoea konda kunifuata kitini nilikwenda mlangoni na noti mkononi, nikawachelewesha watu wenye haraka zao. Noti hubadilishwa kwanza katika mashine iliyo hapo hapo, na ni vyema kufanya hivyo mapema, gari likiwa limesimama kwenye taa. Anayetaka kuliona jengo la kuba lililobomolewa na bomu apande njia ya 2 au ya 6, ashuke kituo cha Genbaku Dome-mae. Mbele kidogo ya kituo hicho tramu hulivuka daraja la Aioi, lililojengwa upya mahali pa lile lililokuwa shabaha ya bomu, na abiria wengi hawanyanyui hata macho.