CoreDNS na route53: rekodi za aliasi zinamezwa kimyakimya

Plagini ya route53 kwenye CoreDNS (seva ya DNS, yaani inayogeuza majina kuwa anwani za IP) naijua vizuri, na bado inanipandisha hasira kwa jambo moja: rekodi za aliasi. Inavuta zoni yako (rekodi zote za jina la kikoa chako) kutoka Route 53, huduma ya DNS ya wingu la AWS; ikikutana na rekodi inayoelekeza kwa kisawazishi cha mzigo (load balancer) badala ya anwani ya IP, inairuka. Logi haisemi neno. Mteja akiuliza jina hilo anajibiwa NXDOMAIN (jina halipo), tena kwa mamlaka kamili ya mwenye zoni!

Sababu yenyewe inaudhi kwa udogo wake. Plagini husoma orodha ya thamani ndani ya kila rekodi. Orodha ya aliasi ni tupu, basi hakuna kinachoingizwa. Utaambiwa uongeze `fallthrough` (swali lisilojibika lipite kwa plagini inayofuata) na `forward` (litumwe kwa seva nyingine). Sawa, inasaidia kama jina halipo kabisa. Lakini jina likiwa na rekodi ya TXT (ya maandishi) pembeni, au likiwa ndilo jina la zoni yenyewe (hilo daima lina SOA na NS, rekodi za zoni yenyewe), jibu linakuwa NOERROR tupu (jina lipo, ila hakuna jibu), na jibu la namna hiyo halipitishwi kwa plagini inayofuata. Unapiga `dig` (amri ya kuuliza DNS), hali ni safi, ANSWER: 0.

Dawa ninayoiamini ni kulipatia jina hilo bloku yake kwenye Corefile, faili la mipangilio la CoreDNS:

```
lango.mfano.internal {
    forward . 169.254.169.253
    cache 30
}
```

CoreDNS huchagua bloku yenye zoni ndefu zaidi inayolingana na swali, kwa hiyo hii inaishinda ile ya `mfano.internal`. Anwani hiyo ya 169.254.169.253, ya DNS ya AWS, inafanya kazi ndani ya VPC (mtandao wako binafsi kwenye AWS) tu. Usiliandike jina kwenye `hosts` (orodha ya majina na IP ya kuandika kwa mkono): IP za kisawazishi hubadilika bila taarifa.

Kuhusu ruhusa za AWS ambazo plagini inahitaji: `route53:ListResourceRecordSets`, na `route53:ListHostedZonesByName` ambayo Resource yake lazima iwe `"*"`. Ukiikosa hii ya pili seva haiwaki. Afadhali, angalau hapo inapiga kelele.

`refresh` (muda kati ya kuvuta zoni upya) ya kawaida ni dakika 1. API ya Route 53 inaruhusu maombi 5 kwa sekunde kwa akaunti nzima, na external-dns (programu ya Kubernetes inayoandika rekodi za DNS), kama unayo, anakula humohumo. Weka `refresh 5m`.

Nilitaka kusema usiiguse, lakini ningeionea. Zoni ya rekodi za A (jina kwa IP), CNAME (jina kwa jina) na TXT za kawaida inahudumiwa vizuri mno: mistari michache, majibu yanatoka kwenye kumbukumbu ya seva, na API ikikatika zoni ya mwisho inaendelea kujibu. Nyota nne.

Ila rekodi zenye uzito, zile za kugawa wateja kati ya seva kwa uwiano! Uzito hausomwi kabisa. Umegawa 90 kwa 10, IP zote zinatoka kwenye jibu moja. Hata seva uliyoipa uzito 0 ili uitoe kwenye foleni, inaendelea kutajwa kwa wateja. Nyota mbili, na hizo ni kwa sababu ni ya bure.