Chuo cha uandishi wa habari kwa ada ya milioni moja na ushee Dar: vyuo vitatu tulivyozunguka na mdogo wangu

Mdogo wangu kamaliza fomu foo, kapata C mbili na D nne, na tangu yuko darasa la sita anatangaza mpira peke yake uani kashika chupa ya maji mdomoni. Baba akanipigia akasema mwanangu wewe ndo umesoma hayo mambo, mtafutie chuo, ila uangalie mfuko. Mfuko wenyewe ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka, ikizidi hapo anauza ng'ombe mwingine na ng'ombe wamebaki wawili.

Mimi nina miaka sita redioni. Nilisoma diploma kwenye chuo ambacho ada ilikuwa ndogo kweli, na studio nilikuja kuingia vizuri nikiwa fildi, yani mafunzo ya vitendo kazini. Siku ya pili tu mhariri kanipa rekoda akasema nenda sokoni kaniletee voksi popu, yani maoni ya watu wa kawaida, ya bei ya vitunguu, nikarudi na dakika 40 za sauti, nusu yake upepo na honi za bodaboda, na kuediti sijui, nikakaa pale mpaka saa tatu usiku fundi mitambo ananifundisha vitu ambavyo baba alishavilipia miaka miwili. Iliniuma sana ile na bado inaniuma. Ndo maana safari hii nilisema dogo hapelekwi chuo kwa kuangalia bango.

Majina ya vyuo nayaacha, wakuu wa vyuo wanabadilika na wakufunzi wanahama, nitakachosema ni tulichokiona siku ile.

Cha kwanza ndo kilikuwa rahisi kuliko vyote, ada laki nane. Dogo kafurahi, mimi nikaomba fomu ya kujiunga yenye mchanganuo wote, tukakaa chini tukajumlisha na kalamu. Usajili 30,000, kitambulisho 10,000, mitihani ya ndani 100,000, mazoezi ya studio 150,000, usimamizi wa fildi 80,000, fulana 25,000, ya NACTVET (baraza la taifa linalosajili vyuo vya kati na kozi zao) 15,000. Jumla 1,210,000, yani tayari imepita bajeti ya baba na hapo hajapanda daladala wala hajala. Nikaomba kuona studio, wakasema imefungwa mwenye funguo katoka. Nikarudi Alhamisi, funguo bado hazipo. Nikamuuliza mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili pale nje, mdogo wangu mara ya mwisho umeshika maiki lini, akafikiri kwanza. Nikaondoka, chuo ambacho mwanafunzi anafikiri kabla ya kujibu swali hilo sitaki hata wanipunguzie.

Cha pili tulichoenda kilikuwa kizuri kwa macho, vioo, kiyoyozi, kamera zimepangwa mapokezi, ada milioni moja na laki nane. Tungeweza kuomba awamu, lakini nikafungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET kwenye simu palepale. Chuo kimo, kina usajili, ila kozi ya uandishi wa habari haimo, zimo biashara na kompyuta. Mdada wa mapokezi akasema dada usijali kibali kinakuja. Wazazi wengi wanadondokea hapa maana wanauliza chuo kimesajiliwa wanajibiwa ndio, na ni kweli kimesajiliwa, swali lilitakiwa liwe kozi hii imesajiliwa na mtoto ataishia NTA ngapi, yani ngazi ya ngapi ya masomo ya vyuo hivi. Kile kitabu kinapatikana bure kwenye tovuti yao na kinaonyesha sifa za kuingia, muda wa kozi na mpaka ada, ukikuta ada ya kwenye kitabu na ya kwenye bango zinatofautiana uliza palepale.

Na hapo kwenye NTA jamani tusidanganyane. Bado kuna watu wanawaambia watoto soma cheti mwaka mmoja utaanza kazi. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017, kiwango cha chini cha kutambulika kama mwandishi ni diploma, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari sasa ipo kazini, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa mtangazaji mkongwe Tido Mhando, na presikadi, kitambulisho cha mwandishi, inapita kwao. Mtoto wa fomu foo anaanzia NTA 4, anaenda 5, anamaliza 6 ndo ana diploma, ni miaka mitatu, kwahiyo bajeti ya baba nimeizidisha mara tatu kabla hatujatoka nyumbani. Aliyemaliza fomu siksi na prinsipo yake anaweza akaingia moja kwa moja diploma ya miaka miwili. Ukipeleka mtoto kwenye chuo kinachoishia NTA 5 jua unamhamisha baadae, na kuhama kuna gharama zake.

Cha tatu ndo tulichokichukua. Jengo la kawaida, ukuta unahitaji rangi, tulifika saa sita na nusu wakatuambia subirini kidogo wanafunzi wanaingia hewani. Kumbe wana redio ya mtandaoni na kila siku saa saba mchana mwaka wa pili wanasoma taarifa ya habari, stori wametafuta wenyewe asubuhi, wanakimbizana kwenye korido kama chumba cha habari chenyewe. Nilisimama mlangoni nikasikia mkufunzi anamwambia binti mmoja stori yako ina mtu mmoja tu, umemsikia mwenye nyumba, mpangaji yuko wapi, irudi. Ikatolewa kwenye taarifa palepale. Nikamwambia dogo tumefika.

Ada 1,150,000 na humo kuna mitihani, studio na fildi, unaongeza tu ile ya NACTVET na fulana, inakuja 1,190,000, awamu nne. Niliomba kuangalia daftari la mwanafunzi, kalamu nyekundu kila ukurasa, kuna mahali kaandikiwa lidi yako, yani jambo kuu la stori linalotakiwa kuanza juu, iko aya ya tano. Darasani walikuwa kama 30. Wanaedit sauti kwa Adobe Audition, mtoto anakaa peke yake kwenye mashine, hawabanani watano kompyuta moja. Wakufunzi wawili bado wanafanya kazi kwenye vyombo vya habari, na mmoja alinionyesha waliopelekwa fildi mwaka jana walienda wapi, redio za mikoani nyingi, na hilo nimelipenda, redio ya mkoani mwanafunzi anafanya kila kitu, Dar anaweza akamaliza miezi miwili anatumwa chai.

Ubaya upo na nausema. Maktaba ni shelfu mbili, magazeti ya zamani na vitabu vya kurudufu. Kamera za video ni tatu na moja ilikuwa mbovu siku ile, kwahiyo anayetaka televisheni hasa atafute kwingine. Hosteli hawana, dogo kapanga chumba na wenzake wawili. Kingereza cha kuandikia kinafundishwa juujuu, na mimi nimeona watu wenye sauti nzuri wanakwama hapo miaka.

Kuna watu wameniambia kwanini usimsubirishe aende chuo kikuu. Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya UDSM pale Mikocheni ina historia yake, ilianza 1975 ikiwa chuo cha serikali cha uandishi, ikaingia chuo kikuu 2003, wana Mlimani redio na televisheni za kujifunzia. SAUT Mwanza pale Nyegezi nao wana redio yao na nimefanya kazi na watu waliotoka huko, wanajua kazi. Ila dogo hana fomu siksi. Diploma akiipata kwa GPA ya 3.0 na kuendelea anaomba digrii, anachukua AVN yake (namba ya kuthibitisha diploma) NACTVET, na kwenye digrii ndo anaweza kuomba mkopo bodi ya mikopo, baba apumue. Huo ndo mpango wetu na ndo sababu nyingine nilitaka kozi iliyomo kwenye kitabu.

Nakipa nyota nne, moja nimeikata kwa maktaba na kamera. Dogo yuko wiki ya tisa sasa. Juzi kanipigia saa tano usiku anasema dada stori yangu ya maji mtaani kwetu imerudishwa mara tatu, sijampata mtu wa DAWASA wa kujibu, nifanyeje. Nikamwambia lala, kesho saa mbili kamili uwe mlangoni kwao.