Viatu vya kupandia vilima vya Dodoma: kipi ununue, kipi ukiache sokoni

Mpenda kutembea milimani akiwa Dodoma hana haja ya kwenda Moshi. Vilima vya Imagi na Mlimwa viko hapo hapo mjini. Ukipita Kondoa kuelekea Babati unafika Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na kuifikia baadhi yake ni kupanda kweli. Mwenye pumzi anaendelea hadi Katesh akaukabili Mlima Hanang, mita 3,420 hivi, kupanda na kushuka siku nzima.

Shida ni kwamba viatu vingi vinavyosifiwa mitandaoni vimetengenezewa nchi za ukungu, tope na theluji. Kwetu, kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni hadithi. Unakanyaga mchanga, kokoto zinazoteleza na majabali yaliyoungua jua, halafu kuna mbigili na miiba ya migunga. Kwa ardhi hiyo msimamo wangu ni mmoja: nunua kiatu chepesi, kifupi, chenye soli hai, yaani inayobonyea na kurudi. Mengine ni mapambo.

Wepesi si anasa. Mguu unanyanyuliwa kila hatua, na vipimo vilivyofanywa kwa askari wa Marekani vilionyesha kwamba uzito ukiwa mguuni unachosha kati ya mara nne na sita kuliko uzito huo huo ukiwa mgongoni. Raba nzuri ya milimani ina gramu 300 hivi kwa mguu mmoja. Buti la ngozi linafika 700 bila aibu. Ukishapiga hesabu hiyo, chupa ya maji ya ziada kwenye begi haikuumizi kichwa tena.

Nafasi ya kwanza: raba za kukimbilia milimani, za mtumba

Hizi ndizo raba zenye meno chini, mbele zina kinga ya vidole, na hazipandi juu ya kifundo. Zikiwa mpya, huko Marekani huuzwa dola 130 hadi 160, bado usafiri na ushuru. Ndiyo maana nazungumzia mtumba: Sabasaba, Majengo, kwa Wamachinga barabara ya Bahi, au mnada wa Msalato Jumamosi kabla hujageukia upande wa nyama choma.

Usibabaishwe na meno marefu. Salomon Speedcross, ambayo wauzaji wengi wanaijua kwa sura, ina meno ya milimita 5 yaliyotengwa mbalimbali ili yatoe tope. Kwenye mteremko wa Hanang uliolowa inashika vizuri sana. Kwenye jabali kavu la Imagi meno yale yale yanakuwa vigingi: sehemu ndogo tu ya mpira ndiyo inagusa mwamba. Kwa kutembea mjini na Kondoa, tafuta meno mafupi, milimita 3 au 4, yaliyokaribiana, na mpira usiokauka.

Angalia pia wavu wa juu. Wavu wenye matundu makubwa unapitisha hewa, ila baada ya mvua, majani yanapokauka, mbegu zake zenye ncha zinapenya hadi kwenye soksi na kukuchoma njia nzima. Chagua uliofumwa kwa kubana. Soli nayo ikunje kwa mikono: ikijikunja yote kama chapati, mwiba wa mgunga utakufikia.

Sasa kwenye soli yenyewe, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotelea. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hizi hazijavaliwa kabisa, ona chini." Jibu langu huwa, "Kaka, kutovaliwa ndiko kunakonitisha." Soli za kati, lile tabaka laini lililo juu ya mpira wa chini, kwa viatu vingi vya kutembelea, hasa mabuti, hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki, na kitu hicho huharibiwa na unyevu wa hewa taratibu hata kiatu kikiwa kabatini. Kiatu kilichokaa miaka mingi bila kuvaliwa, kikasafiri baharini kwenye kontena, kinaweza kuwa kipya kwa macho kumbe ndani kimeshaoza. Kinakufaa nusu ya kwanza ya safari, kisha soli inamong'onyoka vipande vipande ukiwa kileleni. Raba nyingi za kukimbilia zina povu la EVA, plastiki ya aina nyingine, ambalo halimong'onyoki namna hiyo. Lenyewe linachoka kwa kubanwa na kuwa gumu.

Kwa hiyo bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba, kwa nguvu, sehemu ya kisigino. Inatakiwa ibonyee kidogo na kurudi. Ikikaa gumu kama haijaguswa, povu limekufa. Ukiona nyufa nyembamba, au ukikwaruza kwa kucha ukabaki na unga, rudisha kiatu mezani hata kama bei imeshuka hadi nusu. Kisha kikunje: kijikunje pale vidole vinapokunjika, si katikati ya unyayo. Ingiza mkono ndani upapase kisigino. Kitambaa kikiwa kimechanika, malengelenge yanakusubiri.

Namba za saizi usiziamini sana. Arobaini na mbili ya kampuni hii siyo ya ile. Ndani ya ulimi wa kiatu kuna kijilebo chenye namba kadhaa. Tafuta ile ya sentimita, kwa mfano 26.5. Pima mguu wako nyumbani jioni, ukiwa umeshavimba kwa mizunguko ya siku, kisha ongeza sentimita moja hivi. Nafasi hiyo ndiyo inayookoa kucha zako wakati wa kushuka.

Ya pili: viatu vifupi vya kutembelea

Mfano wake ni Merrell Moab bila shingo. Vizito kidogo, gramu 450 hivi kwa mguu, lakini soli ni nene na ngumu zaidi, miiba haifiki kirahisi, na vinadumu. Anayebeba begi zito, au mwenye mwili mkubwa, kwake hivi vinaweza kuwa vya kwanza. Sigombani naye. Jaribio la kidole gumba hapa ni la lazima zaidi kuliko kwenye raba.

Ukikuta vya aina hii vyenye lebo ya Gore-Tex, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya lebo. Ule utando wa kuzuia maji unachakaa kwa matumizi, na hata ukiwa mzima, kwa joto la Dodoma la Oktoba unachofungia ndani ni jasho. Kiatu cha wavu kikilowa kwenye kijito kinakauka unatembea.

Ya tatu: katambuga

Wapo watakaocheka. Lakini wachungaji wa Kigogo na Kimasai wanazunguka na ng'ombe siku nzima kwenye mbuga zile zile tunazokwenda kupigia picha, na wamevaa tairi. Mwiba wa mgunga unakwama kwenye tairi. Mchanga unaingia na kutoka wenyewe. Zikilowa, hakuna cha kukausha, na fundi anakukatia kwa kipimo cha mguu wako huku umesimama. Bei haikaribii hata robo ya raba ya maana.

Udhaifu wake ni kwenye kushuka: mguu unateleza mbele ndani ya mikanda, vidole viko wazi kwa mawe, na pembeni hakuna cha kuzuia mbigili. Kwa Mlimwa asubuhi, sawa kabisa. Kwa Hanang, waachie waliozaliwa nazo. Ukiagiza, omba mkanda wa nyuma ya kisigino na uchague tairi jembamba, la gari dogo. La lori ni zito mno.

Ya nne: mabuti marefu

Duka lolote litakwambia buti linalinda kifundo cha mguu. Linasaidia mtu aliyewahi kuteguka, na anayebeba mzigo mkubwa kwenye utelezi wa masika. Kwa wengine ushahidi ni mdogo kuliko sifa: kifundo kinalindwa zaidi na misuli iliyozoea kutembea. Buti linapika mguu, na buti la mtumba ndilo lenye hatari kubwa kuliko vyote ya ile soli inayooza. Kama mpango ni Kilimanjaro, kwenye baridi ya kweli, kodi Moshi. Yako mengi, na utayarudisha.

Usinunue: raba za fasheni

Soli bapa, nyeupe. Kwenye kokoto utashuka kwa makalio.

Ukishanunua

Toa soli ya ndani, osha kiatu kwa maji na sabuni, kaushia kivulini. Jua la Dodoma linaachisha gundi kabla hujaanza safari. Kisha mpelekee fundi viatu akushonee soli kuzunguka pande zote kwa uzi wa nailoni, hata kama bado inaonekana imeshika, maana gundi ya mtumba ina umri usioujua. Simama hapo hapo uangalie sindano isipite kwenye povu la kati peke yake. Ishike mpira wa chini na ngozi ya juu. Mwambie pia asipake gundi juu ya vumbi. Mafundi wengi wana haraka, na ukiondoka kwenda kunywa chai utakuta imeshapakwa.