Viwanja vya kulenga visahani: unalipia nini kwenye trapu, skiti na spotingi

Bango la bei langoni huonyesha gharama ya kisahani kimoja, yaani shabaha ya mviringo ambayo mashine huirusha hewani ipigwe kwa bunduki, na wengi hulinganisha viwanja kwa namba hiyo peke yake. Namba hiyo hudanganya. Kila kisahani kinachorushwa kinakula risasi moja au mbili, na bei ya risasi mara nyingi haiko mbali na ya kisahani chenyewe. Ongeza kodi ya bunduki, ada ya mkufunzi na visahani vinavyotoka vimevunjika lakini mashine ikavihesabu. Kiwanja cha bei ya chini langoni kinaweza kukutoza zaidi hadi unapoondoka, na sababu kubwa ni aina ya mchezo unaouchagua: trapu, skiti au spotingi.

Kisahani cha kawaida hutengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa, kina kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. George Ligowsky wa Cincinnati, aliyepata hataza yake mwaka 1880, alianza na udongo wa kuchoma, ukawa mgumu mno: marisawa, yaani chembe zilizojaa ndani ya risasi, yaligonga na kisahani kikaendelea na safari yake. Lami ilitatua hilo ila ikaleta taabu nyingine. Ikikaa juani hulainika na visahani hugandana ndani ya mashine, na maboksi yakitupwatupwa hupata nyufa ambazo huonekana pale tu mkono wa mashine unapovirusha. Kabla ya kulipa, simama nyuma ya walengaji utazame visahani ishirini hivi vikitoka. Kimoja kikivunjika njiani, si neno. Vitatu au vinne ni dalili ya ghala baya au mashine isiyorekebishwa, na hasara hiyo utabebeshwa wewe.

Trapu ndiyo inayomshangaza mgeni kwa bili. Kwa mtindo wa Olimpiki kuna mashine 15 kwenye handaki lililo mita 15 mbele ya walengaji, tatu kwa kila kituo, na hujui ipi itafyatuka. Kisahani kinakwenda kama mita 76, na kinaweza kupinda hadi nyuzi 45 kushoto au kulia. Kila kisahani kina ruhusa ya risasi mbili, na hapo ndipo pesa inapotoroka. Raundi ni visahani 25. Mlengaji anayevunja 15 kwa risasi ya kwanza amebaki na 10 vya kufukuzia kwa mtutu wa pili, kwa hiyo ametumia risasi 35. Anayevunja vitano tu kwa risasi ya kwanza ametumia 45. Maana yake ni kwamba asiyejua ndiye anayelipa zaidi, na hajifunzi kitu, kwa sababu kisahani kimekwishafika mbali kabla hajaelewa alikosea wapi. Kumwanzisha mtu kwenye handaki la Olimpiki ni kumpotezea pesa, hata kiwanja kiwe kizuri namna gani.

Trapu ya mashine moja ni nafuu zaidi kwa mwanafunzi. Visahani huenda polepole, pembe ni finyu, umbali ni kama mita 50, na walengaji watano hupanga mstari mmoja wakipokezana. Hapa pia mtutu wa pili unaruhusiwa katika mtindo wa Uingereza: pointi tatu kwa risasi ya kwanza, mbili kwa ya pili. Mtindo wa Marekani wa kisahani kimojakimoja hutoa risasi moja tu, kwa hiyo hesabu ni rahisi: visahani 25, risasi 25. Uliza ni upi unachezwa kabla hujanunua maboksi.

Kasoro ya trapu mara nyingi iko kwenye maikrofoni. Viwanja vingi vinarusha kwa sauti ya mlengaji anapoita, na kipaza sauti kikiwekwa karibu mno, au kikiachwa na usikivu wa juu, huitikia kikohozi au mlio wa bunduki wa kiwanja cha pili. Kisahani kinaondoka bunduki bado iko chini. Msimamizi makini hukirudisha kwenye hesabu bila kuombwa. Kama hakuna msimamizi na mashine ndiyo inayohesabu, kimekwenda.

Kwa thamani ya pesa, skiti haina mpinzani, nasi tunaiweka juu ya zote kwa anayetaka kujifunza. Kuna vibanda viwili, vituo saba kwenye nusu duara, na cha nane katikati ya vibanda. Cha kushoto ni kirefu, kisahani hutoka kwenye kimo cha mita 3.05, cha kulia ni kifupi, mita 1.07. Njia za visahani hazibadiliki, na zote hupita juu ya nguzo ileile ya katikati. Risasi ni moja kwa kila kisahani, raundi ni 25, kwa hiyo katoni ya risasi 250 inatosha raundi kumi kamili na unajua bili kabla hujafunga viatu. Zaidi ya hapo, kosa la kituo cha nne linaweza kurudiwa mara tano mfululizo hadi lieleweke: ulisimamisha bunduki, ulipiga nyuma, au uliinua kichwa kwenye kitako cha bunduki. Mara nyingi ni la tatu.

Choku, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, iwe wazi kabisa. Visahani vya skiti hupigwa kwa umbali wa mita 20 hivi, na choku iliyobana hapo hukufanya ulenge kwa tundu la sindano. Bunduki nyingi za kukodi zina choku zisizobadilishwa, na ukikuta ni za trapu, omba nyingine. Marisawa namba 9 yanafaa (namba ikipanda, chembe ni ndogo zaidi). Ukikosa hayo, namba 8.

Mchezo huu ulizaliwa Andover, Massachusetts, kama mazoezi ya wawindaji, ukaingia Olimpiki mwaka 1968. Mtindo wa Olimpiki ni mkali zaidi: kisahani kina kasi, kinaweza kuchelewa hadi sekunde tatu baada ya kuita, na kitako lazima kianzie kiunoni. Viwanja vya burudani kwa kawaida havina ucheleweshaji huo. Ubovu wa skiti ni mashine iliyolegea. Simama karibu na kituo cha nane, tazama kama visahani vya vibanda vyote viwili vinapita juu ya nguzo. Kimoja kikipita pembeni hatua mbili, unachojifunza pale hakitakufaa kwingine. Upepo nao hufanya hivyohivyo, ila huo si kosa la mwenye kiwanja.

Spotingi ni hadithi nyingine. Hapa unazunguka vituo, mara nyingi kumi au zaidi kwa mzunguko wa visahani 100, na kila kituo kinatoa jozi tofauti: kinachopita juu kutoka mnarani, kinachokuja usoni, kinachodondoka, kinachokimbia chini kama sungura. Visahani navyo hutofautiana. Kuna vya milimita 110, vya 90 na vidogo vya 60 vinavyofanana na nyuki angani. Kuna vyembamba vinavyopita kwa ubavu bila kuonekana kisha ghafla hugeuza tumbo. Cha sungura kina ukingo mnene ili kihimili kugonga ardhi. Kikitembezwa juu ya mawe badala ya mkeka au nyasi fupi huruka ovyo, na jozi hiyo inakuwa bahati nasibu.

Ubora wa kiwanja cha spotingi uko kwa mtu anayepanga visahani. Mpangaji mzuri huweka visahani karibu na huviyumbisha kwa pembe na mwanga. Mbaya husogeza kila kitu mbali na kuongeza kasi, akidhani ugumu ni umbali. Dalili ni rahisi: watu wakikosa kisha wakacheka na kutaka kurudia, mpangaji anajua kazi yake. Wakikosa kimyakimya na kuhamia kituo kinachofuata, wamekata tamaa. Dalili ya pili ni tarehe ya mabadiliko. Kiwanja kisichohamisha mashine kwa miezi kinakuuzia kumbukumbu, na mwenyeji atakushinda hata ukimzidi ustadi.

Malipo ya spotingi huwa kwa kadi au kifaa cha kuhesabia kinachochomekwa kwenye kila kituo. Ni mfumo mzuri kwa sababu unacheza kituo kimoja mara nne ukitaka, ukiruka usichokipenda. Angalia mambo mawili. Kwanza, jozi ya kutazama: kwenye mashindano huonyeshwa bure, lakini kwenye kadi hutolewa katika salio lako isipokuwa kifaa kina kitufe maalumu cha kuonyesha. Vituo kumi kwa jozi moja ni visahani 20 ulivyolipa bila kuvipiga. Simama basi nyuma ya kundi lililotangulia utazame za kwao. Pili, ukiwa peke yako unahitaji kifaa chenye kuchelewesha, ubonyeze, uweke bunduki sawa, kisahani kitoke sekunde chache baadaye. Kisipokuwepo huwezi kucheza bila mwenzako wa kubonyeza, na wengi hugundua hilo wakiwa kituo cha kwanza.

Mashine nyingi hutumia betri ya volti 12. Betri ikichoka mchana, mkono hurudi polepole na kisahani cha pili cha jozi huchelewa au hufupika. Ukiona jozi inabadilika kadiri siku inavyosonga, usibadili mtindo wako, mwite mhudumu.

Kifurushi cha wanaoanza hujumlisha bunduki, risasi, mkufunzi na vifaa vya masikio na macho kwa bei moja. Kwa kisahani kimoja ndicho ghali kuliko vyote, na kwa mara ya kwanza kinastahili, mradi uulize watu wangapi wanagawana mkufunzi mmoja. Wanne ni sawa. Wakiwa kumi na bunduki moja, unalipia kusimama. Mkufunzi anayefaa huanza kwa kupima jicho lako kuu: unanyoosha kidole kuelekea kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha unafumba moja baada ya jingine. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho kuu la kushoto atapiga pembeni siku nzima bila kujua sababu. Mkufunzi anayekukabidhi bunduki bila kupima hili, mdai maelezo.

Risasi za anayeanza ziwe za gramu 21 au 24 za marisawa. Viwanja vingine hutoa za gramu 28 kwa sababu ndizo zilizojaa stoo. Bega hulipa, na baada ya risasi thelathini mtu huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Bunduki ya kujijaza yenyewe hupunguza teke, lakini viwanja vingi hupenda ya mitutu miwili inayokunjuka, kwa kuwa kila mtu anaona kwa mbali kwamba imefunguliwa na haina kitu.

Kwenye kukodi kuna hatari moja isiyo na mzaha. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na 20 ni nyembamba kuliko 12. Risasi ya geji 20 ikiingia kwa makosa katika bunduki ya geji 12 huteleza kupita chemba na kukwama mtutuni. Mtutu unaonekana mtupu, mtu anaweka risasi ya geji 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka. Ndiyo maana risasi za geji 20 kwa desturi huwa za njano. Kiwanja kinachokodisha geji zote mbili na kuzichanganya kwenye ndoo moja, ondoka. Na risasi isipolia baada ya kufyatuliwa, elekeza mtutu uwanjani kwa sekunde 30 kabla ya kufungua.

Kabla ya kuja na risasi zako, soma masharti. Kikomo cha kawaida ni gramu 28 na marisawa yasiyo makubwa kuliko namba 7 au 7.5, kwa sababu eneo la kuangukia limepimwa kwa ukubwa huo. Viwanja vilivyo kwenye mashamba ya mifugo mara nyingi hukataa vikombe vya plastiki ndani ya risasi na kudai vya nyuzi, ambavyo huwa ghali kidogo. Pale marisawa ya chuma yanapotakiwa, chagua makubwa zaidi kwa namba moja au mbili, kwa kuwa chuma ni chepesi, na usiyapitishe kwenye choku iliyobana wala kwenye bunduki kuukuu isiyothibitishwa kwa chuma.

Jua nalo lina bei yake. Kiwanja kilichojengwa vizuri kaskazini ya dunia hutazama kaskazini au kaskazini mashariki ili jua likae mgongoni. Kusini ya dunia ni kinyume chake. Kikitazama vibaya, nunua saa ambazo jua liko juu. Rangi ya visahani iendane na mandhari: vya rangi ya chungwa mbele ya miti, vyeusi mbele ya anga tupu. Kiwanja kinachorusha vyeusi mbele ya msitu kinakutoza kwa vitu usivyoviona.

Uanachama hulipa kwa anayecheza mara kwa mara tu: gawanya ada ya mwaka kwa punguzo la kisahani kimoja, upate idadi ya visahani inayohitajika kurudisha ada. Ikizidi ulivyopiga mwaka uliopita, baki mgeni. Kuhusu salio la kadi, uliza linakufa lini na kama bei ikipanda linabaki kwa visahani au hugeuzwa kuwa pesa. Hadi ujibiwe, jaza visahani 50 kwa mara moja, hata kama kifurushi cha visahani 250 kina punguzo.